Dada Akiwa Edani, Mimi Nikiandika Mapenzi

Mimi huandika hadithi za mapenzi. Huziandika kwenye simu, nimejinyoosha juu ya mkeka nyumbani kwetu Msambweni, na kila Jumatatu na Alhamisi baada ya magharibi hutuma kipande kimoja kwenye kundi la wasomaji wangu, wote wanawake. Wako wa saluni za Ukunda, wako wanaotandika vitanda katika mahoteli ya Diani, wako walimu, wako mama wa nyumbani ambao waume zao hawajui kama wamo. Vitabu viwili pia vimetoka. Nikipita sokoni husikia mtu akimnong'oneza mwenziwe, yule ndiye mwandishi wa mapenzi, na mwenziwe akijibu, na yeye mwenyewe hana mume. Wacheke. Fundi wa majeneza naye hajafa.

Watu hudhani kazi hii ni ya maneno matamu. Wapi! Maneno matamu yanakinaisha upesi, kipande cha pili tu msomaji ameshashiba. Kazi yenyewe ni kuzuia. Unawaacha wapendane, kisha unawatenganisha, na kinachowatenganisha lazima kiwe na nguvu ya kweli, kitu cha kuuma. Lakini wewe mwandishi unajua tangu mwanzo watakavyokutana tena. Mimi siandiki neno la kwanza kabla sijalijua hilo. Wasomaji wangu hulia, hunitukana, hutishia kutoka kwenye kundi, lakini hawatoki, kwa sababu wanajua mlango ninao na nitaufungua nikitaka.

Dada yangu alipoachwa, sikuwa na mlango wowote.

Dada ni mkubwa wangu. Aliolewa Kibuyuni na fundi wa mashine za boti, mtu mpole, mkimya, mwenye kiburi cha kimyakimya ambacho huwezi kukiona mpaka ukikanyage. Walikuwa hawajajaliwa mtoto. Dada alilima mwani pamoja na wanawake wa kule, na kila alipokuja kututembelea mikono yake ilikuwa inanuka bahari, na maneno yake yote yalikuwa ni mume wangu hivi, mume wangu vile. Nikimtania kwamba ananinyima usingizi na huyo mume wake, husema, "Andika basi, si ndiyo kazi yako?" Sikuandika. Watu wawili wenye raha hawana hadithi.

Siku aliyoachwa, mumewe alikuwa barazani na rafiki zake. Alikuwa amenunua mashine kuukuu ya boti, dada amemkataza asiinunue, amenunua, na mashine imezima siku ile ile ya kwanza kuijaribu. Dada akapita na sufuria mkononi, akacheka, akasema, "Si nilikwambia?" Rafiki wakacheka. Basi ni hivyo tu. Mtu mpole yule akasimama akasema mbele za watu, "Nimekuacha. Talaka moja." Dada aliniambia kwamba aliingia ndani akaitua sufuria vizuri, akaifunika, ndipo akakaa chini.

Ningewaandikia hivyo wasomaji wangu wangenirudishia. Wangesema, yaani mtu amwache mke kwa kicheko? Hakuna mwanamke wa pili? Hakuna mama mkwe? Mie nimefundisha wanawake wengi humu pwani kutaka sababu kubwa, na sasa nilikuwa nimeletewa nyumbani sababu isiyotosha hata mstari.

Siku ya pili yake alikuja ami. Baba yetu alifariki tukiwa wadogo, na ami, mdogo wake baba, ndiye aliyetulea, ndiye aliyetusomesha, ndiye walii wetu. Anakaa Mackinnon Road, anauza mbuzi, na hashuki pwani ila kwa harusi au msiba. Safari hii alishuka na pikapu ya kukodi. Dini inasema mwanamke aliyepewa talaka rejea akae eda yake, ule muda wa kungoja, humo humo nyumbani kwa mumewe, na hekima yake hata mtoto ataiona: wakipishana mlangoni kila asubuhi, hasira itakaa mpaka lini? Kila mtu kwetu anaijua hukumu hiyo, na hakuna hata mmoja anayeifuata. Sisi tunaleta pikapu. Ami alipakia kitanda, kabati, jiko la gesi, mpaka kamba za dada za mwani, mchana kweupe, Kibuyuni nzima imesimama inatazama. Mume hakuwepo. Wallahi, laiti angekuwepo.

Vitu vilipokwisha kushushwa kwetu, ami alikunywa maji, akamwambia mama huku amesimama, "Shemegi, nisikilize. Akimrejea ndani ya eda, hiyo ni haki yake, siwezi kumzuia. Lakini eda ikiisha, huyo asije kwangu. Siozeshi binti wa ndugu yangu mara mbili kwa mtu mmoja. Nimeaibika leo, yatosha."

Nieleze hapa, maana ndipo penye uzito wote. Katika eda ya talaka moja, mume akitaka mkewe anasema tu, nimekurejea, basi, ni mkewe. Hahitaji ruhusa ya mtu. Eda ikiisha inabidi nikaha mpya, mahari mapya, na walii wa kuozesha. Na walii ndiye huyo aliyekwisha kuapa. Eda ya dada ilikuwa ya twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi. Aliachwa akiwa safi, na kwa tunavyofuata sisi, siku atakapoiona hedhi ya tatu mlango umefungwa. Kuna mtu mmoja tu duniani anayejua siku hiyo, naye ni mwanamke mwenyewe.

Kwa hiyo tukakaa kungoja.

Nikamwambia dada ampigie mumewe simu. Akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Nimpigie nimwambie nini? Nirejee? Mwanamke hajirejei." Nikampigia mimi, mara moja, mbili, hakupokea. Mama aliposikia akaninyang'anya simu. "Utamfanya adhani tunamwuza. Mwache, mwanamume huja mwenyewe." Mimi katika hadithi zangu huwa na taabu kubwa ya kuwazuia wapenzi wasizungumze, maana wakizungumza dakika moja tu kila kitu kimekwisha. Huwapotezea simu, huwasafirisha Oman, humfanya mmoja wao augue. Na hapa palikuwa na watu wawili wenye simu nzima zenye chaji, umbali wa safari ya asubuhi moja, na hapakuwa na aliyetia kidole.

Alichofanya mume ni kuleta masurufu, kama inavyompasa. Yalikuja kwa gari la Shimoni: mchele, mafuta, samaki wamefungwa kwenye barafu. Dada alifungua kila mfuko pole pole akatazama ndani kabla mama hajamimina. Mara ya kwanza palikuwa na ngisi, naye anapenda ngisi kuliko kitu chochote. Siku ile aliimba jikoni. Mara ya pili zilikuja raba zake za kuendea kwenye mwani, zimesafishwa, zimefungwa kwenye gazeti. Akazishika mapajani muda mrefu.

"Hizi maana yake nini?" akaniuliza. "Ananifukuzia na raba zangu?"

"Amezisafisha, dada. Mtu anayekufukuza hakusafishii viatu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Hakika niliitoa wapi? Nimeandika vifurushi vingapi katika hadithi, na kila kimoja nilijua kimebeba nini kwa sababu ni mimi niliyekifunga. Hiki nilikitazama mpaka macho yakaniuma, nikaona raba.

Siku chache baadaye dada akaja na maneno mengine. Wifi yake, dada wa mumewe, yumo kwenye kundi langu, na ni msomaji mkubwa, humsomea mama yake kwa sauti na nyumba nzima ikasikia. "Mwandike," dada akasema. Alikuwa anachambua mchele na hakuinua uso. "Usinitaje. Mwandike mwanamke anayengoja, na mwambie huyo mume wake kwamba mlango uko wazi. Wewe si unajua namna ya kusema?"

Nilijua namna ya kusema. Niliacha hadithi niliyokuwa nayo, nikaanza mpya, na sijapata kuandika vile. Sikuhitaji kubuni. Nilikuwa namtazama dada anavyogeuza kichwa pikipiki ikipunguza mwendo, naandika. Anavyouliza kama gari la Shimoni limepita, naandika. Kundi likawaka moto. Mwanamke mmoja wa saluni ya Ukunda, mtu wa bara, alinitumia sauti akilia kabisa: "Aki madam, huyu jamaa akikosa kurudi mi natoka hii group, siwezi hii stress, nimechoma nywele ya customer juu yako." Wengine walimlaani mume, wengine wakamtetea. Wifi alituma kidole gumba.

Kidole gumba! Nilikaa nikakitazama kidole kile. Amemsomea kaka yake? Amesikia? Amecheka? Nikamwonyesha dada, naye akakitafsiri siku nzima.

Jambo la aibu ni kwamba hadithi ilikuwa nzuri, na nilijua ni nzuri, na kila ilivyokuwa nzuri zaidi ndivyo nilivyozidi kuogopa. Hedhi ya kwanza ilikuja ikapita, na ya pili. Katika nyumba ya wanawake mambo haya hayafichiki: mtu asiposimama kuswali, wenziwe wanajua, na akioga akarudi kwenye mswala, wanajua pia. Mama hakuuliza neno, alikuwa akitazama tu nani anaswali. Akimwona dada ameswali alfajiri uso wake unalainika, maana yake tungali na nafasi. Wasomaji wakaniuliza kila siku, atarudi lini? Nami nikawajibu kwa madaha, subirini. Subirini! Mimi mwenyewe nilikuwa nikisubiri nikiwa sijui lolote, nimejifanya mwenye siri.

Ikawa Jumanne moja, mchana. Dada na mimi tumelala chumba kimoja tangu utotoni na nayajua maumivu yake. Siku ya kwanza ya hedhi humkunja kabisa, hulala kwa ubavu na chupa ya maji ya moto tumboni, hunywa tangawizi, hataki kusemeshwa. Mchana ule niliingia nikamkuta amejikunja kwenye mkeka, kanga amejifunika mpaka kichwani, na upande wa tumbo kanga imetuna. Nikaiona chupa. Nikasema, basi, imekwisha.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Dada akainuka. Akaiweka chupa chini ya mto, akatoka, akarudi ametawadha, akatandika mswala pale ambapo mama akipita ukumbini atamwona, akaswali. Aliporukuu nilimwona anavyouma midomo.

Nilisimama pale mlangoni nisijue pa kuweka mikono yangu. Kusimama kuswali katika hali ile ni haramu, kila msichana anaambiwa kabla ya mambo mengine yote. Na dada yangu si mtu wa mchezo na swala. Ni yule ambaye akiwa kwenye mwani alikuwa akipanda ufukweni na nguo zinamchuruzika ili asiikose alasiri. Akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, akaniona.

"Dada," nikasema.

"Nini?"

"Unaswali?"

"Huoni?"

Nikaingia, nikafunga mlango, nikachuchumaa mbele yake. Nilitaka kumkaripia, naye akaniwahi. Akanishika kifundo cha mkono, mkono wake wa moto kwa chupa ile.

"Nipe mpaka Ijumaa," akasema.

"Si mimi wa kukupa, dada."

"Usimwambie mama. Nyamaza tu mpaka Ijumaa. Atakuja. Najua atakuja."

"Umejuaje?"

Akalia bila sauti, na mimi nikalia, nikiwa na hasira juu yake, juu ya yule fundi, juu ya ami na pikapu yake, na juu yangu mwenyewe niliyekuwa nimekaa miezi naandika mlango uko wazi, mlango uko wazi. Nikimwambia mama, nimemkata dada tumaini lake kwa mkono wangu. Nikinyamaza, naye mume akaja akasema nimekurejea, akamchukua, wataishi pamoja haramu maisha yao yote na mimi ndiye shahidi. Nilitafuta njia ya tatu. Ndiyo kazi yangu, kutafuta njia ya tatu. Haikuwepo. Nilinyamaza.

Jumatano akaswali. Alhamisi akaswali, na mama akamtazama akatabasamu. Jioni ile nilipaswa kutuma kipande, nikaandika kuwa naumwa na kichwa.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, tukasikia hodi.

Alikuwa yeye. Kanzu nyeupe, kofia mkononi, amekonda. Mama alimkaribisha barazani. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, karibu, karibu." Mama akaingia ndani kujifunga leso vizuri, akaniacha mimi nikae naye. Tukakaa. Nilikuwa na maneno elfu na nikauliza la kijinga kuliko yote.

"Shemegi, wifi alikusomea hadithi yangu?"

Akanitazama kwa upole. "Hadithi gani? Kumbe wewe huandika?"

Ya Rabi. Nikasema aah, kidogo tu.

Mama akarudi, akaketi. Yule mtu akainamisha kichwa, akasema moja kwa moja, kama mtu aliyekuwa akiyarudia maneno njia nzima: "Mama, nilikosea. Nilikuwa na hasira na nimeona haya kwa muda mrefu. Nimekuja kumrejea mke wangu."

"Alhamdulillah!" Mama alipiga makofi hasa. "Umewahi, mwanangu, umewahi! Eda bado. Leo alfajiri ameswali, nimemwona kwa macho yangu." Akageuka kuelekea pazia la mlangoni. "Wewe, toka umsalimie mumeo!"

Pazia halikutikisika. Nilijua dada yuko nyuma yake, nilikuwa naziona ncha za vidole vya miguu yake chini ya kitambaa. Nikasema moyoni, nyamaza. Wallahi nilisema hivyo. Nyamaza, dada, toka, msalimie, nendeni, na mimi nitanyamaza mpaka kaburini. Niliyataka kwa nguvu zangu zote, na nisamehewe.

"Imekwisha," dada akasema nyuma ya pazia.

Mama hakuelewa. "Nini kimekwisha?"

"Eda, mama. Imekwisha tangu Jumanne."

"Imekwisha vipi, na asubuhi umeswali?"

"Niliswali hivyo hivyo."

Mama akaweka mkono mdomoni, akasema Astaghfirullah, mara nyingi, pole pole, kisha akaanza kulia. Yule mume alikuwa bado hajafikia maana yake. Uso wake ulikuwa ukienda na kurudi, kutoka kwa mama hadi kwenye pazia, na nikamwona anavyofika, hatua kwa hatua, mpaka akajua ni nini mke wake alikuwa akikifanya kwa siku zile, na kwa ajili ya nani.

"Jumanne?" akasema.

"Jumanne," dada akajibu.

"Mimi Jumatatu nilikuwa nimeshavaa." Hakuwa anasema na mtu. "Nimeshavaa kabisa, niko mlangoni. Wakaja kuniita, jirani yangu amefariki. Nikaenda kuchimba kaburi. Tukazika alasiri, na jamaa zake walikuwa mbali, nikabaki matangani siku zote tatu. Ningeondokaje?"

Asingeweza kuondoka, hakuna mtu wa pwani asiyejua hivyo. Na mimi nikiwaandikia wasomaji wangu kwamba wapenzi walipotezana kwa maziko ya jirani, watasema nimeishiwa.

Nikaingia ndani. Dada alikuwa amehamia jikoni, ameegemea ukuta, mkavu wa macho.

"Kwa nini hukunyamaza?" nikamwambia. Nilikuwa karibu kumpiga. "Siku zote hizo umeswali vile, leo amekuja, neno moja tu! Kwa nini?"

"Yeye hajui," akasema. "Angelala na mimi akidhani ni mkewe. Angekuja juu ya mswala akashukuru. Roho yangu mimi nilikuwa tayari kuichoma. Yake sikuweza."

Nimeandika mapenzi kwa miaka mingi. Nimewatoa watu baharini, nimewafanya wakatae mali, wakatae wazazi. Sijapata kuandika hilo, na sikuwa nimejua kwamba lipo.

Kutoka barazani nikasikia shemegi, ambaye hakuwa shemegi tena, anamwambia mama kwamba ataoa upya, mahari yoyote, hata leo. Mama akanijia na simu. "Mpigie ami yako wewe. Wewe ndiye mwenye maneno." Najua kuna kadhi Kwale, na kwamba walii akikataa bila sababu njia ipo. Dada alisema tangu zamani hatamshitaki mtu aliyetulea kwa mkono wake. Basi ilikuwa ni simu ile.

Ami akapokea. Nyuma yake mbuzi walikuwa wakilia na malori yakipiga honi. "Shikamoo, ami." "Marahaba." Nikaanza. Nikamwambia amekuja mwenyewe, amekiri kosa mbele ya mama. Nikamwambia habari ya jirani na kaburi. Nikamwambia wanapendana. Nikasikia maneno yangu yakitoka mazuri, yamepangwa, kama ya kitabu, na nikajua kuwa hayaendi popote. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo lingemlainisha ami, nalo ni lile la kwenye mswala, na hilo ndilo jambo ambalo binti hawezi kumwambia ami yake. Utamwambia vipi baba yako mambo ya hedhi? Utamwambia vipi mtu wa swala tano kwamba binti wa marehemu ndugu yake ameichezea swala? Nikalizunguka. Nikasema dada amevumilia sana, ami, hujui alivyovumilia. Nikalizunguka tena. Nikanyamaza kwa kukosa pa kupita.

"Umemaliza?" ami akauliza, wala hakuwa mkali.

"Nimemaliza, ami."

"Nilisema siku ile. Mwambie aende salama. Nisalimie mama yako."

Akakata.

Wasomaji wangu mpaka leo wananidai mwisho wa hadithi ile. Yule wa saluni amenipigia hata simu. Nimejaribu kuiandika harusi, najua jinsi ya kuiandika harusi, pilau inanukia na kila kitu, na nikifika pale mume anapoingia nafuta.

Nilipoitua simu, dada alikuwa amesimama mbele yangu.

"Amesemaje?"

Nikatafuta namna nzuri ya kulisema. "Amekataa," nikasema.

"Haya," akasema.

Akageukia jiko. Akachemsha maziwa, akatia majani, akasaga iliki kwa mkono, nyingi, anavyopenda yule, akatia sukari akakoroga, akaonja kwenye kiganja, akaongeza. Akamimina kwenye kikombe kizuri, akakipangusa ukingo, akakiweka kwenye sinia. Kule barazani yule mtu alikuwa bado amekaa na kofia yake mkononi, akingoja jibu. Dada alilinyanyua sinia, akafika nalo mpaka kwenye pazia, akasimama. Kisha akanigeukia akanipa mikononi.

"Mpelekee wewe," akasema. "Mimi siwezi kumtokea, si mume wangu."